Makambako iliyoruka zama za ribiti

Kutoka Makambako kupitia Njombe hadi Songea, minara ya umeme wa kilovolti 220 imepanda na kushuka vilima kwa kilomita 250. Njia hiyo ilijengwa kwa fedha za Tanzania na Sweden, na ilipokamilika mwaka 2018 Songea ikaagana na jenereta za dizeli. Sogelea mnara mmojawapo, ukiwa nje ya uzio na mbali na nyaya, utazame unavyoungana: ni engo (vyuma vya umbo la L) juu ya engo, zimepakwa zinki, na kila zinapokutana pana bolti na nati. Ribiti hutaiona.

Kama kazi hiyo ingefanywa na kizazi cha mababu zetu, ingekuwa vingine. Ribiti, pini ya chuma yenye kichwa kimoja, ilipashwa moto mpaka ikaiva nyekundu, fundi akairusha kwa koleo, mwenzake akaidaka kwa ndoo na kuisokomeza tunduni. Mmoja akaizuia kwa nyuma, mwingine akaipiga nyundo hadi ikaota kichwa cha pili. Ikipoa inasinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunakoyabana mabamba. Daraja la Victoria Falls, lililofunguliwa mwaka 1905, lilifungwa hivyo. Vyuma vyake viliandaliwa Darlington, Uingereza, na kampuni ya Cleveland Bridge, kisha vikaunganishwa juu ya korongo la Zambezi. Wajerumani nao walifikisha Reli ya Kati Kigoma mwaka 1914, katika zama hizohizo za nyundo na makaa. Nyanda za Juu Kusini hazikuwa na reli, zikabaki na barabara zao za udongo.

Bolti ilikuwepo miaka yote hiyo, ila wajenzi wa chuma hawakuiamini. Ililegea, na tundu lake lilikuwa pana kuliko yenyewe. Waliitumia kushikiza kazi kwa muda wakisubiri ribiti. Ubishi ulianza kugeuka mwaka 1934, watafiti Batho na Bateman walipoonyesha nchini Uingereza kwamba bolti ya chuma kigumu ikikazwa vya kutosha huyabana mabamba hata yasiteleze. Mwaka 1938 Wilson na Thomas, katika Chuo Kikuu cha Illinois, wakathibitisha kwamba kiungo cha aina hiyo hakishindwi na ribiti kuvumilia mzigo unaokuja na kuondoka. Marekani ikaunda baraza la utafiti mwaka 1947, na kanuni zake za kwanza za bolti hizo zikatoka mwaka 1951. Baada ya hapo ribiti ilianza kuaga, si kwa udhaifu tu, bali pia kwa sababu ilihitaji kundi zima la mafundi na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika imebana kiasi gani.

Bolti inahesabika. Chukua ya milimita 20 iliyoandikwa 8.8 kichwani. Namba hizo zinasema chuma chake hukatika kwenye nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na huanza kurefuka bila kurudi kwenye asilimia 80 ya hapo. Ukiikaza kwa kipimo kamili inavuta kwa nguvu ya karibu tani 14, na mzigo unapita kwa msuguano wa mabamba, bolti yenyewe ikiwa haijaguswa ubavuni.

Minara kwa kawaida haidai msuguano huo. Tundu la bolti hiyo ni milimita 22, kiungo kinaruhusiwa kusogea kidogo, na bolti inaegemea ukingo wa tundu. Basi mbunifu ana mengi ya kuogopa: bolti kukatwa, tundu kurefuka, engo kuchanika penye matundu, au ncha yake kupasuka kwa sababu tundu liko karibu mno na ukingo. Kanuni za Ulaya zinataka umbali kutoka katikati ya tundu hadi ukingo usipungue mara 1.2 ya upana wa tundu, na wabunifu waangalifu huongeza. Kwangu kipimo hiki kidogo kina uzito kuliko unene wa bolti, maana wengi hukimbilia bolti nene wakasahau chuma kinachoishika. Na kwa upepo wa Makambako, nati isiyo na kizuizi itajifungua yenyewe siku moja.

Reli ilifika Makambako ribiti ikiwa tayari inaaga, kupitia TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa jasho Wachina na wenzao Watanzania: mahandaki 18, na daraja la Mto Mpanga lenye nguzo za mita 50 hivi. China yenyewe ilikuwa imefungua daraja la Nanjing mwaka 1968, likiwa bado na ribiti. Miaka miwili tu ikapita kabla kazi ya TAZARA haijaanza, kwa hiyo zama za ribiti zilikuwa bado karibu.

Turudi minarani. Sifa kubwa ya bolti, kwamba inafunguka kwa spana, ndiyo pia inayowatajirisha wezi wa chuma chakavu. Shirika la umeme, TANESCO, limelalamika mara nyingi juu ya engo zinazonyofolewa minarani. Dawa mojawapo ni nati ambayo kichwa chake cha kukazia hukatika ikishabana, ikabaki duara laini lisiloshikika kwa spana. Hufungwa mita chache za chini tu. Juu zaidi hubaki nati za kawaida, ili fundi aweze kubadilisha engo iliyopinda.