Daftari la Kifua Kikuu

Kila mwaka tunapokusanyika kuadhimisha tarehe 9 Desemba, tunataja bendera, mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro na majina ya viongozi wetu. Zahanati hatuitaji.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilielekeza nguvu vijijini, ikajenga zahanati na vituo vya afya. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wazee wetu wengi bado wanaikumbuka.

Lakini kuna maradhi yasiyoisha kwa sindano moja. Kifua kikuu kilitaka dawa za miezi mingi, na mgonjwa akishapata nafuu kidogo, huziacha. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ikisaidiwa na Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyefanya kazi Uholanzi. Kazi yenyewe haikuwa na makuu: makohozi yapimwe kwa darubini, dawa zisikatike, mgonjwa ameze mbele ya mtu, na kila jina liandikwe kwenye daftari la wilaya. Kila robo ya mwaka watu walihesabiwa: nani amepona, nani amefariki, nani haonekani. Huyo asiyeonekana alifuatwa kwao. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza njia hiyo kwa jina la DOTS. Ninyi watoto wetu mnaosomea udaktari huku mtaikuta vitabuni. Jueni kuwa ilikomaa Tanzania.

Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, mwendo ulikuwa ule ule: kadi, tarehe ya kurudi, na mhudumu anayepiga hodi nyumbani.

Sasa tuna presha na sukari. Utafiti uliofanywa vijijini miaka ya 1980 ulikuta kisukari kwa takriban mtu mzima 1 kati ya 100. Leo ni nadra kupata ukoo usio na mgonjwa. Hata hivyo, si kila zahanati inayomfuatilia mwenye presha kama ilivyomfuatilia mwenye kifua kikuu, na sisi tulio nje tunachangia pengo hilo bila kujua. Kiharusi kikishapiga, tunachangishana usiku kucha ili mzee apelekwe hospitali kubwa. Fedha za vidonge vya kila mwezi, ambazo ni kidogo sana, hakuna aliyezipanga.

Basi mkimpigia bibi Jumapili, baada ya shikamoo msiishie kwenye "hujambo, sijambo". Muulizeni alipimwa lini, vidonge vimebaki vya siku ngapi, na mhudumu wa afya wa mtaa wao ni nani. Mkipata namba ya mhudumu huyo, iandikeni.