Saratani ya Figo ya Wilms na Macho Yasiyo na Irisi

Uvimbe wa Wilms ni saratani adimu ya figo inayowapata hasa watoto wa chini ya miaka 5. Umepewa jina la Max Wilms, daktari mpasuaji Mjerumani aliyechapisha kitabu juu yake mwaka 1899.

Mwaka 1964, Robert Miller na wenzake nchini Marekani walipitia kumbukumbu za hospitali za watoto 440 waliougua saratani hiyo. Sita kati yao walizaliwa bila irisi, sehemu ya jicho yenye rangi inayoizunguka mboni. Kwa kawaida hali hiyo humpata mtoto mmoja tu kati ya makumi ya maelfu. Isingeweza kuwa sadfa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Vincent Riccardi na wenzake walionyesha kuwa watoto wenye maradhi yote mawili hukosa kipande cha kromosomu ya 11. Kipande hicho hubeba jeni mbili jirani. WT1, iliyotambuliwa mwaka 1990, huongoza ujenzi wa figo na viungo vya uzazi. PAX6, iliyotambuliwa mwaka 1991, huongoza ujenzi wa jicho. Zikipotea pamoja, madhara yake huandamana. Hitilafu ndani ya WT1 peke yake husababisha ugonjwa wa Denys-Drash, unaoharibu figo mapema.

Leo mtoto aliyezaliwa bila irisi hupimwa jeni. Akikutwa amepoteza WT1, figo zake hukaguliwa kwa ultrasaundi kila baada ya miezi 3 hivi katika miaka yake ya mwanzo, ili uvimbe ugunduliwe ungali mdogo na unatibika.