Kihispania katika Shule za Msingi za Marekani: Lugha ya Nyumbani, Lugha ya Shule na Sala ya Mtoto

Katika familia nyingi za Wakatoliki wenye asili ya Amerika ya Kilatini wanaoishi Marekani, bibi ndiye anayemfundisha mjukuu ishara ya Msalaba, Baba Yetu na Salamu Maria, na humfundisha kwa Kihispania. Mtoto akifikia umri wa kwenda shule, hukuta masomo yote yakitolewa kwa Kiingereza. Lugha yake ya kwanza isipotunzwa, hufifia polepole: kwanza humjibu bibi kwa Kiingereza, kisha huacha kumwelewa vema, na hatimaye wawili hao hawawezi tena kusali Rozari pamoja. Takriban theluthi moja ya Wakatoliki wa Marekani ni watu wa asili hiyo. Ndiyo maana ufundishaji wa Kihispania kwa watoto wa shule ya msingi, ambao kwa mbali huonekana kuwa kazi ya walimu peke yao, ni suala linalogusa utume wa Kanisa na malezi ya imani.

Lugha iliyozikwa

Kwa miongo mingi, shule za majimbo ya kusini-magharibi mwa Marekani ziliwaadhibu watoto waliosikika wakizungumza Kihispania, hata uwanjani wakati wa mapumziko. Mfano unaojulikana sana ni wa shule ya Blackwell, mjini Marfa, Texas, iliyotengwa kwa ajili ya watoto wenye asili ya Meksiko. Mwaka 1954 wanafunzi wake waliagizwa kuandika maneno ya Kihispania katika vipande vya karatasi. Vikatiwa ndani ya kisanduku na kuzikwa karibu na mlingoti wa bendera, katika maigizo ya mazishi ya “Bwana Kihispania”. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1965. Mwaka 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya kuihifadhi kama eneo la kihistoria la taifa, ili kilichotendeka pale kisisahaulike.

Miami, mwaka 1963

Mwelekeo mwingine ulianzia Florida. Baada ya mapinduzi ya Kuba ya mwaka 1959, maelfu ya familia yalikimbilia Miami. Kati ya Desemba 1960 na Oktoba 1962, watoto zaidi ya 14,000 walitumwa huko bila wazazi wao, katika mpango uliopewa jina la Pedro Pan. Padre Bryan Walsh, aliyeongoza ofisi ya Kikatoliki ya ustawi wa jamii mjini humo, alisimamia mapokezi na matunzo yao.

Mwezi Septemba 1963, shule ya msingi ya serikali ya Coral Way, mjini Miami, ilianzisha utaratibu mpya: watoto wa Kikuba na watoto waliozaliwa wakizungumza Kiingereza walisoma katika lugha zote mbili, sehemu ya siku kwa Kihispania na sehemu kwa Kiingereza. Wazazi wa Kikuba waliotumaini kurudi nyumbani hawakutaka watoto wao wapoteze lugha. Nao wazazi wenyeji waliona faida kwa watoto wao. Shule hiyo hutajwa kama chimbuko la elimu ya lugha mbili ya zama zetu katika nchi hiyo.

Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson, ambaye ujanani aliwahi kuwafundisha watoto wenye asili ya Meksiko mjini Cotulla, Texas, alitia saini Sheria ya Elimu ya Lugha Mbili. Hata hivyo, safari haikunyooka. Mwaka 1998 wapiga kura wa California walipitisha pendekezo namba 227 lililoibana sana elimu ya namna hiyo. Mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo hilohilo walilibatilisha kwa pendekezo namba 58. Kwa upande wa shule za Kikatoliki, Boston College, chuo kikuu cha Wajesuiti, kinaratibu mtandao wa TWIN-CS, unaozisaidia shule zinazofundisha kwa lugha mbili.

Jinsi ufundishaji unavyofanyika

Mifumo miwili ndiyo inayotumika zaidi. Katika mfumo wa 90 kwa 10, mtoto wa elimu ya awali hutumia asilimia 90 ya muda wa masomo katika Kihispania na asilimia 10 katika Kiingereza. Kiingereza huongezwa mwaka hata mwaka, mpaka lugha hizo zigawane muda nusu kwa nusu katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Mfumo wa 50 kwa 50 hugawa muda sawasawa tangu mwanzo. Panapowezekana, nusu ya darasa huwa ni watoto wa Kihispania na nusu wa Kiingereza, hivyo kila mtoto ana saa ya kumsaidia mwenzake na saa ya kusaidiwa naye.

Katika kipindi cha Kihispania mwalimu hatafsiri kila sentensi. Hutumia picha, vitu halisi, nyimbo na vitendo, na hisabati au sayansi hufundishwa kwa lugha hiyohiyo. Kusoma huanza na silabi, na hapa msomaji wa Kiswahili atajiona yuko nyumbani: Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, na mtoto huanza na ma, me, mi, mo, mu kama wetu. Herufi h haitamkwi, na ñ hutamkwa kama “ny” katika neno nyumba. Vivumishi hufuata jinsia ya nomino, kama kwetu vinavyofuata ngeli. Hata neno mesa halitakuwa geni: meza tuliipokea kwa Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania.

Wazazi wengi huhofia kwamba lugha mbili zitamchanganya mtoto. Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alionesha kuwa uwezo wa kusoma na kufikiri uliojengwa katika lugha moja humsaidia mtoto katika lugha ya pili. Alibainisha pia kwamba lugha ya mazungumzo huweza kupatikana kwa takriban miaka miwili, lakini lugha ya masomo huhitaji miaka mitano hadi saba. Kwa hiyo subira ni sharti la kazi hii, pamoja na walimu waliofundwa na vitabu vya kutosha. Kipindi kimoja kwa wiki humpa mtoto salamu na nyimbo chache tu.

Kanisa linafundisha nini

Siku ya Pentekoste, watu wa mataifa waliwasikia Mitume kila mmoja kwa lugha yake mwenyewe. Kanisa limejaribu kuifuata njia hiyo, hata pale Kihispania chenyewe kilipokuwa lugha ya watawala. Mtaguso wa Tatu wa Lima (1582-1583) uliagiza katekisimu iandaliwe kwa Kikechua na Kiaymara pamoja na Kihispania. Simulizi mashuhuri la Mama Yetu wa Guadalupe kumtokea Mtakatifu Juan Diego, mwaka 1531, limeandikwa kwa Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko.

Mwaka uleule wa 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati kuhusu Liturujia, ulifungua mlango mpana kwa lugha za watu katika ibada. Mwaka 1965, Tamko kuhusu Malezi ya Kikristo lilikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule huwasaidia wazazi katika wajibu huo. Haina haki ya kumfundisha mtoto aione aibu lugha ya mama yake.

Somo kwetu

Waamini wapendwa, Marfa haiko mbali nasi. Wengi wetu tunakikumbuka kibao alichovishwa mtoto aliyezungumza lugha ya nyumbani shuleni. Ngũgĩ wa Thiong’o ameieleza adhabu hiyo ilivyokuwa nchini Kenya. Hata leo wapo watoto wanaoadhibiwa kwa kuzungumza Kiswahili katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Kiingereza kinafaa, na kifundishwe vema, lakini bila kumdhalilisha mtoto.

Wazazi, salini na watoto wenu kwa lugha mnayoitumia mnapozungumza na Mungu mkiwa peke yenu. Makatekista, kabla ya kuanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, mwulizeni kila mtoto anasali kwa lugha gani nyumbani, na mpeni nafasi ya kusali hivyo. Wakuu wa shule zetu za Kikatoliki wachunguze kama kibao kile bado kinaning’inia katika darasa lolote, na wakiondoe. Na likizo ijayo, mtoto akienda kijijini kwa bibi, apewe kazi moja: arudi akiijua Baba Yetu kwa lugha ya bibi yake.