Dawa ya Wasimba na Lawama ya Maiti

Wazee wetu wa Kisangani, Maniema na Kivu wangali wanakumbuka mwaka 1964, mwaka wa vita ya Wasimba.

Kabla ya kwenda vitani, kijana alipelekwa kwa mganga. Alichanjwa chale, akapakwa dawa ya unga, akanyunyiziwa maji. Aliambiwa kwamba risasi za adui zitageuka kuwa maji. Ndiyo maana walipigana wakilia "Mai Mulele!", kwa jina la Pierre Mulele, kiongozi wa uasi wa Kwilu.

Mwanzoni ilionekana kuwa kweli. Mwezi wa Agosti, Wasimba waliteka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, ingawa askari wa serikali walikuwa na silaha bora. Sababu ni nini? Askari nao waliamini dawa ile! Wengi waliacha silaha wakakimbia. Dawa haikuzuia risasi. Hofu ndiyo iliyozuia bunduki zisipigwe. Lakini mwezi uleule, kule Bukavu, askari wa Kanali Léonard Mulamba walisimama imara, na mji haukutekwa. Tarehe 24 Novemba, Stanleyville nayo ikatoka mikononi mwa Wasimba.

Je, vijana hawakuona wenzao wakianguka? Waliona. Lakini dawa ilikuwa na masharti: usiguse mwanamke, usitazame nyuma, usiguswe na mtu asiyechanjwa. Aliyekufa, walisema amevunja sharti. Basi dawa haikushindwa hata siku moja. Mwenye kosa alikuwa maiti, naye hawezi kujitetea.

Ndugu, dada, tujipime. Ezekieli 13 inawakemea waliowashonea watu hirizi za mikono na kulipwa shayiri na mikate. Leo tunakataa uzi kiunoni mwa mtoto, na ni vema. Lakini chupa ya mafuta au kitambaa cha mchungaji tukikiweka chini ya mto kama kinga, tumebadilisha nini? Na mama akifiwa na mtoto, tukamwambia, "Ulikosa imani," tumesema maneno yaleyale ya mganga wa 1964.

Bwana Yesu alipofika kwenye kaburi la Lazaro, hakuwauliza Martha na Maria wamevunja sharti gani. Alilia pamoja nao. Tumwendee yeye, mikono mitupu.

Amina.