Jiometri chini ya mabati

Chukua mpira na lastiki. Ivishe lastiki katikati kabisa ya mpira, pale ambapo ramani ingeandika ikweta. Inakaa. Isukume kidogo tu, inateleza hadi inachomoka. Kumbe kukaa ni kitu kimoja, na kutulia ni kingine. Wanahisabati walitaka kuipima tofauti hiyo kwa namba, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa chuo kilichokimbia vita.

Shiing-Shen Chern alizaliwa Uchina mwaka 1911. Alisoma Hamburg, kisha Paris kwa Élie Cartan. Mwaka 1937 anarudi nyumbani, vita na Japani imeshawaka. Vyuo vitatu vya Beijing na Tianjin vikaungana vikahama, kwanza Changsha, halafu 1938 Kunming, kusini-magharibi. Wanafunzi wengine walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,000. Madarasa yalikuwa ya udongo na mabati, na sisi hapa tunajua mvua ikipiga mabati mwalimu anaongea na nani. Ndege zikija, watu wanakimbia kujificha.

Chern alifundisha pale hadi 1943. Alikuwa na maandishi ya Cartan, magumu kweli, akayasoma hadi yakamwingia. Wenzetu wa mashirika hupenda hadithi ambazo shida inazaa kipaji. Tusidanganyane. Kilichosaidia ni kwamba chuo kilihama pamoja na walimu wake, na masomo ya juu hayakusimama. Yang Chen-Ning na Tsung-Dao Lee, waliopata Nobel ya fizikia 1957, walisoma pale pale.

Baadaye Chern alihamia Marekani, na tangu 1960 akafundisha Berkeley. Mwaka 1968 James Simons, aliyekuwa amesomea hukohuko, alitoa jibu la swali la lastiki. Aliangalia nyuso zisizo na ukingo ndani ya tufe lenye vipimo vingi, nyuso zilizovutika sawa kama lastiki yetu. Akaonyesha kwamba hakuna hata mmoja uliotulia. Kila uso una namba yake, wenyewe huiita aigenivalu ya kwanza. Ikiwa chini ya sifuri, uso ukiguswa unateleza. Kwa uso wa vipimo viwili, ule unaofanana na ikweta una -2. Mwingine wowote, kwa kuwa umepinda zaidi, una -4 au chini yake, yaani unateleza upesi zaidi. Mwenye -3 hayupo, hata umtafute vipi.

Mwaka 1970 Chern alichapisha kazi na Manfredo do Carmo wa Brazili na Shoshichi Kobayashi. Walitafuta ni nyuso zipi zimepinda kwa kipimo kile hasa cha mpakani. Kwa vipimo viwili, mmoja wao una umbo kama la tairi, unaitwa torusi ya Clifford. Namba yake ni -4 kamili. Na huyo Kobayashi alizaliwa Japani mwaka 1932. Kunming ikipigwa mabomu, yeye alikuwa mtoto wa shule.