Homa ya Pwani ilivyopotea Kajiado: Uzamili wa sayansi na lugha ya mwenye ng'ombe

MWEZI uliopita alinijia ofisini binti mmoja anayesomea shahada ya uzamili katika sayansi za kibiolojia. Idara yake na yangu zinatenganishwa na uwanja wa nyasi tu, lakini ni nadra sana watu wa maabara kuuvuka uwanja huo kuja kwetu sisi wa Kiswahili. Alikuwa na bahasha ya karatasi mkononi na aibu usoni.

"Shikamoo Mwalimu. Hojaji yangu imekataa kufanya kazi."

"Marahaba mwanangu. Keti kwanza. Hojaji hukataaje?"

Akaniwekea mezani karatasi kumi na nne. Alikuwa amekwenda Kajiado kuwauliza wafugaji kuhusu ugonjwa unaoenezwa na kupe, ule ambao Waingereza huuita East Coast fever. Mwaka mzima wa kwanza alikuwa ameketi darasani, akaandika pendekezo la utafiti, akalitetea mbele ya jopo, akapata kibali cha utafiti. Hojaji aliiandika kwa Kiingereza, kisha akaitafsiri mwenyewe usiku mmoja, kamusi ikiwa pajani. Swali la tatu lilisomeka hivi: "Je, katika mwaka uliopita umepoteza ng'ombe wowote kutokana na homa ya pwani ya mashariki?"

Karatasi zote kumi na nne zilikuwa na jibu moja: La.

Mzee wa boma la mwisho ndiye aliyemfungua macho. Alimtazama kwa huruma, akamwambia, "Mtoto wangu, hii ni Kajiado. Bahari iko wapi hapa? Homa ya Pwani waulize watu wa Pwani." Na wakati huohuo, hatua chache kutoka pale walipoketi, ndama alikuwa amelala akihema kwa shida, tezi zimemvimba chini ya masikio. Binti alipouliza yule ana nini, mzee akajibu bila kufikiri mara mbili: "Huyo? Huyo ana oltikana."

Msomaji wangu, oltikana ndilo jina la Kimaasai la ugonjwa uleule aliokuwa ameupanda matatu kwenda kuutafuta. Ukivuka mpaka ukaingia Tanzania, madaktari wa mifugo na wafugaji wataukuita kwa Kiswahili ndigana kali. Tamka majina hayo mawili polepole, oltikana na ndigana, halafu uniambie kama hayafanani. Jina lilikuwepo. Lililokosekana ni sikio.

Nilimwambia asilie. Kosa lile lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na yeye amelirithi tu.

Hebu tuangalie jina lenyewe lilikotoka. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwafagia ng'ombe wa Afrika, kutoka pembe ya kaskazini mashariki hadi kusini kabisa. Kisha ikaja vita kati ya Waingereza na Makaburu, mifugo ikazidi kupungua. Wakoloni wa kusini mwa Afrika wakaamua kuagiza ng'ombe wengine kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Ng'ombe walifika, na kupe wao wakafika nao. Kufikia mwaka 1901 na 1902 ng'ombe wa kule walikuwa wakifa kwa homa ambayo wenyeji hawakuwa wameizoea. Wataalamu walipotaka kuipa jina, wakaitaja kwa mahali walikodhani imetoka, yaani pwani yetu. Kimelea chenyewe kikaitwa Theileria parva, kwa heshima ya Arnold Theiler, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Afrika Kusini.

Kwa hiyo "Pwani ya Mashariki" ni jina la mtu aliyesimama Pretoria au Bulawayo akitazama kaskazini. Kwa mfugaji wa Kajiado, Nandi au Nyeri halina maana yoyote. Sisi tulipolitafsiri neno kwa neno, tulimletea mfugaji ugonjwa wake mwenyewe ukiwa umevaa koti la mgeni, naye akashindwa kuutambua.

Hapo nikamkumbusha yule binti habari ya mwanafunzi mwingine wa uzamili wa biolojia, Mkenya, ambaye njia yake ilipita kwa kupe haohao. Jina lake analijua kila mtoto wa shule nchini, ila watu wengi huanzia hadithi yake katikati, penye miti.

Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Baada ya kusomea Loreto Limuru, alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani mwaka 1960. Alipata shahada yake ya kwanza katika Chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, mwaka 1964, akisomea biolojia. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa uzamili, akahitimu mwaka 1966.

Alitafiti nini huko? Wengi watakisia misitu. La hasha. Alichunguza tezi ya pinea ya kwale wa Kijapani. Naam, kwale, ndege wa jamii ya yule ambaye Wajaluo humwita aluru, na ambaye wakati mmoja Wakenya walimkimbilia kwa pupa wakitarajia mayai yake yawatajirishe. Tezi ya pinea ni kitu kidogo mno kilichojificha katika ubongo, na katika ndege inahusiana na jinsi mwili unavyoupokea mwanga na kuzipima saa za mchana na usiku.

Kazi ya namna hiyo haina mbwembwe. Unachukua tishu, unaihifadhi kwa kemikali isioze, unaiondoa maji, unaizamisha katika nta iliyoyeyuka mpaka igande. Halafu unaikata kwa mashine maalumu vipande vyembamba, aghalabu vya unene wa mikromita 5 hivi. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene kuliko vipande kumi vya aina hiyo vikipangwa pamoja. Kila kipande unakilaza juu ya kioo, unakitia rangi, unakiweka chini ya hadubini, unatazama. Kesho unarudia. Kipande kikichanika, umepoteza siku. Ukiruka kimoja, hujui kilichokuwa ndani yake.

Hiyo ndiyo maana halisi ya uzamili wa sayansi. Shahada ya kwanza hukufundisha walichokiona wengine. Uzamili hukukalisha mbele ya kitu kimoja, hata kiwe kidogo namna gani, ukakitazama kwa macho yako mpaka uweze kusema, mbele ya watu wanaokupinga, "Niliona hivi, na nilikiona hivi kwa njia hii." Wanaosema kwamba kwale na mti havihusiani hawajawahi kukaa miezi mbele ya hadubini.

Maathai alirudi nyumbani Januari 1966 akiwa na barua ya kazi ya usaidizi wa utafiti katika zuolojia, Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Anasimulia katika tawasifu yake, Unbowed, iliyotoka mwaka 2006, kwamba alipofika aliambiwa kazi imekwisha kupewa mtu mwingine. Aliyemwokoa ni ujuzi ule wa nta na vioo. Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, alikuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo na alihitaji mtu anayejua kuandaa tishu. Maathai akaajiriwa. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu, ambayo Watanzania huiita uzamivu.

Sasa tunafika kwa kupe. Miaka ya mwanzo ya 1970, Maathai alikuwa akichunguza kimelea cha ndigana kali. Ilimbidi atoke maabara aende mashambani nje ya Nairobi kuwabandua kupe kwenye masikio ya ng'ombe, maana kupe anayeeneza ugonjwa huu hupenda kung'ang'ania sikioni. Alipokuwa akifanya hivyo aliona mambo mengine. Ng'ombe walikuwa wamekonda mbavu zikihesabika. Nyasi zilikuwa haba. Mvua iliponyesha, mito iliteremka ikiwa na rangi ya udongo. Akakata kauli kwamba kupe ni tatizo, ndiyo, lakini ardhi inayoliwa na maji ni tatizo kubwa zaidi kwa ng'ombe na kwa mwenye ng'ombe. Mwaka 1977 vuguvugu la Green Belt likaanza.

Aliyezoea kutazama kipande cha mikromita 5 bila kukiruka hangeweza kuuruka mto mzima wa matope. Ndiyo maana nasema Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004 ina mizizi yake katika ubongo wa kwale.

Lakini kuna sehemu moja zaidi ya hadithi hii, na ndiyo iliyonifanya nimsimulie yule binti. Akina mama walipoanza kupanda miche, waliletewa wataalamu wa misitu wawafundishe. Wataalamu wakaanza kueleza mteremko wa ardhi, pembe ya miale ya jua, kina cha kitalu, kiasi cha kokoto katika udongo. Akina mama wakabaki kutazamana. Maathai akatambua kwamba mafunzo yale yamegeuka ukuta. Wanawake hawa wamekuwa wakipanda maharagwe na mahindi maisha yao yote, akawaambia watumie maarifa waliyo nayo. Wakapanda, miti ikamea. Baadaye waliitwa wanamisitu wasio na diploma.

Zingatia kwamba aliyewaondolea wanawake wale mzigo wa istilahi ni mtu aliyekuwa na uzamili na uzamifu. Hakuidharau sayansi. Aliijua vya kutosha kuweza kuisema bila kujificha nyuma yake.

Ndipo swali linapotugeukia sisi wenyewe, walimu wa lugha na walimu wa sayansi. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wenzetu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, walitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Sisi Kenya mwanafunzi huingia darasa la biolojia akiwa mtoto na kutoka na uzamili akiwa mtu mzima bila hata siku moja kuombwa aieleze biolojia hiyo kwa Kiswahili. Siku ya kwanza anapoombwa ni siku anapokwenda nyanjani, na wa kumsahihisha ni mzee wa boma. Na wangapi hawakubahatika kumpata mzee kama yule? Wangapi wamerudi na karatasi zilizojaa "La", wakaingiza takwimu kwenye kompyuta, wakahitimu?

Hapa makosa ya tafsiri si suala la umaridadi wa lugha. Ugonjwa huu unaweza kumuua ng'ombe wa maziwa katika wiki mbili au tatu. Utafiti ukisema haupo Kajiado, dawa hazitapelekwa Kajiado.

Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila tasnifu ya uzamili wa sayansi inayotetewa katika vyuo vyetu iwe na ikisiri ya Kiswahili, ukurasa mmoja tu, na mtahiniwa aulizwe swali moja kuihusu. Pili, hojaji yoyote ya Kiswahili ijaribiwe kwa watu watatu wa mahali penyewe kabla ya kuchapishwa. Tafsiri ikisharudi kwa mwenye ng'ombe akailewa, hapo imekuwa tafsiri. Tatu, sisi watunga istilahi tuache kuanzia kwenye Kiingereza kila mara. Tuanzie bomani, pwani, shambani, sokoni. Tukikuta ndigana au oltikana, tuziandike, tuseme zinatumika wapi, ndipo tutafute jina la pamoja. Siamini kwamba ndigana kali itaeleweka kila kaunti. Mfugaji wa Bomet ana jina lake na wa Kiambu ana lake. Hayo yote ni mali, nayo yakusanywe.

Binti yule tulikaa naye alasiri mbili. Swali la tatu tuliliandika upya. Sasa linaanza na maelezo: ng'ombe mwenye homa, tezi zilizovimba chini ya sikio, kuhema kwa shida. Kisha linauliza, "Ugonjwa huu hapa kwenu mnauitaje?" Ndipo linauliza ni wangapi waliokufa.

Alirudi Kajiado kwa maboma yaleyale kumi na manne. Juzi alinipigia simu. Wazee kumi na mmoja wamejibu Ndiyo, na yule mzee wa boma la mwisho amemwambia, "Leo umeuliza." Ndama wake hakuishi.