Safari ya Shujaa na Akina Saada Wasioonekana

Anayetazama filamu tatu au nne za mashujaa wenye nguvu za ajabu hugundua mapema kwamba anasimuliwa kisa kimoja. Mhusika aliyefiwa na wazazi anaishi katika ulimwengu wake wa kawaida. Tukio la ghafla linamwita, naye anasita. Anampata mshauri, anapitia majaribu, anakaribia kufa, anainuka na nguvu mpya, anamshinda adui na kurejea akiwa mtu mwingine. Spider-Man ya mwaka 2002, Batman Begins ya 2005, Iron Man ya 2008 na Black Panther ya 2018 zote zimepita katika njia hii, kila moja kwa kiwango chake.

Swali la mwanahistoria ni hili: njia hiyo ilichorwa lini, na nani, na imemfaa nani? Jibu lililozoeleka ni kwamba haikuchorwa na yeyote, kwamba imo katika nafsi ya binadamu tangu kale. Makala hii inalitilia shaka jibu hilo. Ruwaza ya safari ya shujaa ina tarehe zake na ofisi zake, na kadiri ilivyoenea ndivyo ilivyolihamisha swali la haki kutoka katika jamii na kulitia ndani ya kifua cha mtu mmoja.

Tuanze na shujaa aliyekuja kabla ya ruwaza hiyo kushika hatamu. Superman alibuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland waliozaliwa katika familia za wahamiaji wa Kiyahudi. Alichapishwa kwa mara ya kwanza katika jarida la katuni la Action Comics, toleo la Juni 1938, wakati Marekani ilikuwa bado haijajinasua katika Mdororo Mkuu wa uchumi. Vijana hao waliuza haki zao zote kwa dola 130. Asili ya shujaa wao ilimalizwa katika ukurasa mmoja, kisha akaingia kazini. Alimwokoa mwanamke asiye na hatia aliyekuwa amehukumiwa kifo. Alimkabili mume aliyempiga mkewe. Alimfuatilia seneta aliyekuwa akitumikia maslahi ya watengeneza silaha, na katika toleo la pili akamlazimisha mtengeneza silaha mmoja ajiunge na jeshi ili aonje mwenyewe vita alivyokuwa akivichochea. Baadaye alimnasa mmiliki wa mgodi ndani ya mgodi wake usio salama. Mwanzoni mwa 1939 alibomoa mtaa wa mabanda ili serikali ilazimike kuwajengea maskini nyumba bora.

Mbinu zake zilikuwa za kibabe, na hakuna sababu ya kuzitukuza. Hata hivyo, shujaa huyu hakuwa na safari ya ndani. Hakujiuliza yeye ni nani. Alijiuliza nani anadhulumiwa na nani ananufaika na dhuluma hiyo. Vita Kuu ya Pili ilimgeuza kuwa nembo ya taifa. Kisha mwaka 1954, baada ya Baraza la Seneti kusikiliza malalamiko kwamba katuni zinawapotosha vijana, wachapishaji walijiwekea kanuni za udhibiti. Miongoni mwake ni ile iliyokataza polisi, mahakimu na maofisa wa serikali kuonyeshwa kwa namna ya kuivunjia heshima mamlaka iliyopo. Mtumishi wa umma anayesoma makala hii atatambua mara moja maana ya kanuni kama hiyo: seneta mla rushwa hakuweza tena kuwa adui wa kawaida wa shujaa.

Wakati huo ruwaza yenyewe ilikuwa inafinyangwa kwingine. Mwaka 1909 Arnold van Gennep alieleza jinsi miviga ya jando, ndoa na mazishi inavyopita hatua tatu: kutengwa, kuwa katikati, na kupokewa upya. Mwaka 1928 Vladimir Propp alichambua muundo wa ngano za Kirusi. Mwaka 1949 Joseph Campbell, mwalimu katika Chuo cha Sarah Lawrence, alichapisha The Hero with a Thousand Faces, akidai kwamba visasili vya dunia nzima ni kisa kimoja chenye sura elfu: kuondoka, kufundwa na kurejea. Katika maelezo yake, shujaa hurejea na tunu kwa ajili ya watu wake. Jambo hilo tulikumbuke, maana ndilo lililopotea baadaye.

Kitabu hicho kingeweza kubaki katika maktaba za vyuo. George Lucas alikitumia alipokuwa akiandika Star Wars, filamu iliyotoka mwaka 1977 na kuvunja rekodi za mapato. Mwaka 1985, Christopher Vogler, aliyekuwa mshauri wa hadithi katika kampuni ya Disney, aliufupisha mchango wa Campbell katika waraka wa kurasa saba. Waraka ukanakiliwa na kupita mkono kwa mkono katika ofisi za Hollywood, na mwaka 1992 Vogler akautanua kuwa kitabu cha mwongozo kwa waandishi. Hapo nadharia ya visasili ikawa kanuni ya kazi, mfano wa fomu ambayo mwandishi huijaza. Mwaka 2009 Disney ilikubali kuinunua kampuni ya Marvel kwa takriban dola bilioni 4.

Matokeo yake yanaonekana tukirudi kwa mtengeneza silaha. Mwaka 1938 alikuwa adui, naye alipelekwa vitani kwa nguvu. Mwaka 2008, katika Iron Man, mtengeneza silaha ndiye shujaa. Tony Stark anajeruhiwa kwa silaha za kampuni yake mwenyewe huko Afghanistan, anatekwa, anatoroka, na anatangaza kwamba kampuni itaacha kuzitengeneza. Filamu inaanza na swali zito: nani anauza silaha, na zinamfikiaje muuaji? Lakini ruwaza inataka adui mmoja na mageuzi ya nafsi moja. Kwa hiyo biashara nzima inaelezwa kwa toba ya Stark na usaliti wa mshirika wake. Mshirika anapokufa, mtazamaji anahisi kwamba tatizo limekwisha, ilhali serikali iliyokuwa mteja wa silaha hizo haikuulizwa neno.

Black Panther ni kielelezo kigumu zaidi, na ni haki kuipa sifa yake. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na iliwapa mamilioni ya watazamaji weusi taswira ya Afrika isiyotawaliwa. Lakini tumwangalie Killmonger. Baba yake ameuawa, ametupwa mbali na kwao, amepita majaribu, amerejea kudai kiti. Kwa hatua za safari, anastahili ushujaa sawa na T'Challa. Hoja yake kwamba Wakanda iliwatelekeza weusi wa dunia haijibiwi na mtu, kwa sababu ni ya kweli. Filamu inalazimika kumfanya muuaji katili ili tuweze kumkataa. Hatimaye T'Challa anaipokea nusu ya hoja hiyo: anafungua kituo cha misaada mjini Oakland, mji ambamo chama cha Black Panther kilianzishwa mwaka 1966. Dai la ukombozi linapewa jibu la hisani, na hisani hiyo inatoka mkononi mwa mfalme.

Je, ni kweli kwamba kila jamii husimulia hivi? Tuna ushahidi wetu. Katika utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa amefungwa gerezani akingojea kuuawa. Hapati nguvu mpya wala mshauri wa ajabu. Anatunga wimbo wenye fumbo, na mjakazi Saada anaufikisha kwa mama yake. Mama anaoka mikate mizuri pamoja na mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wanakula mizuri na kumwachia mfungwa ule wa wishwa. Kisha watu wanapiga gungu, na kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa inayokata minyororo. Shujaa anaokolewa na mtumwa, mama na mji unaoimba. Baadaye anauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba, kwa tamaa ya ahadi za mtawala. Hakuna kurejea kwa ushindi. Utendi unatuuliza mamlaka humfanya nini mtu anayependwa kuliko mtawala, na huwanunuaje walio karibu naye.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu tumeanza kuisimulia historia yetu kwa fomu ya Vogler. Kisa cha uhuru wa Tanganyika huweza kupangwa vizuri sana hivyo: kijana wa Butiama, Tabora, Makerere, Edinburgh, kurejea, TANU mwaka 1954, ushindi. Hatua zote hizo ni za kweli. Lakini Bibi Titi Mohamed na wanawake wa Dar es Salaam walikijaza chama wanachama kupitia vikundi vyao vya lelemama, na katika usimulizi wa safari ya mtu mmoja wanageuka wapambe wa njiani. Mwanafunzi aliyefundwa hivyo akitoka chuoni hungoja aliyeteuliwa. Mwanaharakati hujiona yeye ndiye, kisha huchoka peke yake. Mtumishi wa umma hudhani kwamba ofisi mbovu hutengenezwa kwa kumbadilisha mkuu wake.

Tuzitazame filamu hizi, maana zinaburudisha na zina ustadi. Tukishazitazama, tuulize maswali ambayo mhusika wa mwaka 1938 angeyauliza: nani anadhulumiwa hapa, nani ananufaika, na kitu gani kimebadilika kwao baada ya shujaa kushinda? Na tunapoandika historia ya chama, kijiji au mgomo, tumtafute kwanza aliyebeba mkate.